Mtu Asiombe Ruhusa

Umoja wetu wa Mabatini Mlimani unajua kuzika. Hilo hata anayetuchukia hatunyimi. Ukifa asubuhi, kabla ya mchana turubai limefungwa, sufuria zimeinjikwa, wanaume wameshagombana nani akachimbe kaburi na wameshapatana, na wewe uliyelala ndani ungeweza kudhani ulikuwa mtu wa maana. Kwa walio hai ndiyo hatukuwa na utaratibu. Mtu mzima akiwa na shida tulikuwa tunampa pole na kumwahidi kikao.

Mume wangu Ndalahwa alikuwa katikati. Hajafa, lakini haendi popote bila kubebwa. Alikuwa mpasua mawe, na siku moja jiwe alilolisemesha kwa nyundo miaka yote likaamua kumjibu, mgongoni. Tangu hapo kuanzia kiunoni kwenda chini mwili wake haumpi habari. Mkojo unatoka kwa mpira, na mpira lazima ubadilishwe zahanati, kule chini barabarani. Ukichelewa unaziba. Ukiziba inakuja homa, na homa ya namna hiyo, nesi aliniambia bila kunificha, haimngoji mtu ajipange.

Umoja haukuwa na kifungu cha mtu kama huyo, lakini ulikuwa na wabeba jeneza, na wabeba jeneza walikuwa na mabega. Kiongozi wao Masalu alikichukua kiti cha plastiki, akakifunga miti miwili pembeni, wakawa wanamshusha na kumpandisha Ndalahwa juu juu kama ntemi wa zamani. Mara ya kwanza, kwa mazoea, Masalu aliwaambia wenzake, "Taratibu na marehemu." Ndalahwa alicheka mpaka tukaogopa ataanguka.

Mlima wetu ni mawe, nyumba zimechomekwa katikati yake kila moja ilipopata nafasi. Kushuka barabarani kuna njia moja tu ambayo watu wanne wenye mzigo wanaweza kupita. Nyingine ni nyufa: unapita kwa ubavu, tumbo umelivuta ndani. Mbuzi anapita. Kiti hakipiti. Na ile njia moja inapita pembeni mwa nyumba ya Byabato.

Byabato ni mtu wa Bukoba, ana duka la vifaa vya ujenzi Igoma. Si mtu mbaya, na nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia ukuta wanataka wasikie na shetani aliyeujenga. Tulitaniana naye sana. Yeye aliniambia sisi Wasukuma tunasonga ugali kama tunamwaga zege, mimi nikamwambia nyie Wahaya hata ndizi mnaimenya kwa Kiingereza. Lakini vibaka walikuwa wakiitumia ile njia kuingia kwake, na mara ya mwisho walimpiga mkewe akalazwa. Tangu hapo Byabato akaacha kutania.

Njia ilipotea hivi. Wapimaji wa viwanja walipita na kipaza sauti wakatangaza siku ya kuonyesha mipaka: kila mtu awepo kwake, na mtaa uonyeshe njia zake. Siku hiyo tulikuwa na msiba Sengerema, mama mzazi wa mwenyekiti wetu Mihayo. Umoja mzima ulivuka kwa kivuko, na sufuria zetu na turubai letu, na Ndalahwa kwenye kiti chake. Ungebaki nyumbani kulinda jiwe la mpaka wakati mwenzio anamzika mama yake? Ungekumbukwa siku ya kwako. Tukazika vizuri sana, mpaka ndugu wa Sengerema wakauliza kama tunakodishwa.

Byabato alibaki, si kwa hila, bali kwa sababu mkewe alikuwa wodini. Wapimaji wakamwuliza hapa pembeni ni nini. Akasema, "Ni pangu, ila watu wanapita." Wakalichukua neno la kwanza, la pili wakaliacha hewani. Kwetu walirudi wiki iliyofuata, nasi tukawaonyesha vya kwetu vizuri kabisa, kila mtu kasimama juu ya jiwe lake na mikono kiunoni. Njia haikuwa ya mtu, kwa hiyo hakuna aliyekwenda kusimama juu yake.

Hati zikatoka. Njia ilikuwa ndani ya kiwanja cha Byabato, na fundi wake akaanza kupanga tofali.

Mihayo akaitisha kikao. Mihayo ni fundi cherehani, mtu mpole, na anajua kufungua kikao kwa namna moja tu.

"Tusimame kwa dakika moja," akasema, "tumkumbuke."

"Tumkumbuke nani, mwenyekiti?" nikamwuliza. "Hakuna aliyekufa."

"Njia," akasema Masalu, na watu wakasimama kweli.

Masalu ndiye aliyetoa hoja ya kumtenga Byabato. Tusimsalimie, tusimwazime sufuria, na siku akipata msiba mtu wa mlimani asiguse jeneza. Wanawake wakaguna, maana hiyo ndiyo adhabu kubwa tuliyo nayo, hatuna nyingine juu yake. Kisha Ndalahwa akakohoa kutoka kwenye kiti chake.

"Mtu wa Bukoba anazikwa Bukoba," akasema. "Mtamtenga mpaka stendi ya basi, halafu?"

Watu wakacheka, na silaha yetu ikafa pale pale. Mimi nilicheka kuliko wote. Nilipofika nyumbani nikainjika maji, nikakaa mbele ya moto, ndipo nikaelewa nilikuwa nacheka nini. Ukuta ukifungwa, mume wangu atashuka mlima huu mara moja tu, amefunikwa shuka.

Tukaenda ofisi ya mtaa, Umoja mzima, tumevaa kama tunavyovaa msibani kwa sababu hatuna nguo nyingine za shughuli. Mtendaji alidhani tumekuja kuomba kibali cha mazishi. Alipoelewa, akaweka kalamu chini.

"Siku ya mipaka mlikuwa wapi?"

"Msibani," akasema Mihayo.

"Wote?"

"Wote, mheshimiwa."

"Na walio hai mliwaacha na nani?"

Akatuelekeza baraza la kata, kwenye usuluhishi. Pale alikuwepo mama mmoja, Teodora, mwalimu mstaafu, Mlutheri aliyenyooka kama rula. Alitusikiliza mpaka mwisho bila kupiga miayo, jambo ambalo ofisini hatujalizoea.

"Nitakuja na wenzangu kuiona hiyo njia," akasema. "Swali langu ni moja. Mlikuwa mnapita pale kwa haki, au kwa hisani yake? Mwenye haki anapita. Anayeomba apitishwe anakiri kwamba mahali si pake."

Mihayo alitoka pale anang'aa. Jioni hiyo hiyo alitutangazia sheria ya Umoja, ya kwanza tangu tuanze ambayo haikuhusu maiti. Mtu asiombe ruhusa. Unapita. Ukimkuta Byabato unamsalimia, shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, lakini neno "naomba kupita" lisitoke mdomoni mwa mtu wa mlimani.

Basi tukapita. Jamani, tulipita. Watu waliokuwa hawana safari walijitafutia safari. Wazee walishuka kununua kiberiti kimoja kimoja. Mimi nilishuka na ndoo tupu na kupanda na ndoo tupu, nikimwamkia Byabato kwa sauti ya kutosha watu wa Pamba Road, kule mjini. Mwanzoni aliitikia. Baadaye akawa anatuangalia tu, na nyuma yake ukuta unapanda. Akaweka geti la chuma mahali njia ilipoingilia, lakini akaliacha wazi, kwa sababu baraza walimwomba angoje.

Baraza hawakuja siku waliyosema. Gari lilikuwa na kazi nyingine. Hawakuja na siku ya pili waliyosema. Katikati ya kungoja huko vibaka wakaingia tena kwa Byabato, wakapitia palepale tulipokuwa tunapita kwa haki. Asubuhi tukakuta geti limefungwa kufuli, na Byabato kasimama mbele yake na macho mekundu.

"Sijamkataza mtu," akasema. "Anayetaka kupita agonge, nitamfungulia. Hata mara kumi kwa siku."

Kugonga ni kuomba. Mihayo aliyageuza hayo kila upande, kama kitambaa kilichokatwa vibaya, akafikia hapo hapo. Hakuna kugonga. Mpaka baraza waje waone kwamba tumefungiwa njia yetu.

Kuanzia hapo mlima mzima ukawa unapita kwenye nyufa. Wanawake wenye ndoo walishuka kwa ubavu, wakafika nyumbani mabega yamechubuka na maji nusu. Mwenye duka la juu alipandisha unga kwa vifuko vidogo vidogo. Tulitaniana kwa mikwaruzo. "Wewe kesi yako imefika wapi?" "Imefika kwenye kiwiko." Na Mihayo akiona damu anasema vumilieni, huo ni ushahidi.

Ndalahwa hakupita popote. Siku yake ya mpira ikafika. Nesi alipanda mwenyewe, akapenya mawe, akafika kwangu anahema, akabadilisha. Akaniambia, Mama Chenge, mimi ni nesi, mimi si pimbi, mara nyingine mleteni. Nikamwambia tutamleta. Mara nyingine ikafika, nikaenda kwa Mihayo.

"Baraza wanakuja wiki hii," akasema. "Wamethibitisha."

"Mpira hausomi ratiba ya baraza, mwenyekiti."

"Shemeji Ndalahwa mwenyewe anasemaje?"

Hapo alinishika. Ndalahwa alikuwa anasema tungoje. Alikuwa amekaa ndani miezi, mzigo wa watu, na sasa kwa mara ya kwanza mtaa mzima ulikuwa unachubuka mabega kwa ajili yake. Alilionea fahari hilo. "Nikishuka kwa kuombewa," aliniambia, "watu wote hawa watakuwa wamepenya mawe bure." Nikamwambia wewe umeanza kuwa na maringo kama mtu wa Bukoba. Akacheka kidogo. Jioni ile mkojo kwenye mfuko ulikuwa mwekundu, kisha haukuja kabisa.

Asubuhi alikuwa anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Nilimgusa nikaondoa mkono. Alikuwa anaongea na mawe, anayaambia yatulie, anapiga hesabu ya nyundo. Nikamfuata Masalu, naye akaja na wenzake watatu bila kuuliza swali. Tukamweka kwenye kiti, tukamfunga kwa kanga zangu asianguke, tukashuka naye mpaka getini. Kufuli lilikuwa linaning'inia. Mihayo alikuwa amesimama pale tayari, amevaa koti, kwa sababu siku hiyo ndiyo baraza walikuwa wanakuja.

"Wameshatoka ofisini," akaniambia kwa sauti ya chini. "Wanapanda sasa hivi. Mama Chenge, nisikilize. Wakifika wakamkuta hapa, na hali hii, mbele ya geti lililofungwa, hakuna tena cha kuuliza. Njia inarudi leo. Kwa watu wote."

"Wakichelewa?"

"Hawatachelewa."

"Walichelewa mara mbili, mwenyekiti."

Si mtu mkatili, Mihayo. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Alikuwa anaiona njia, mlima mzima unashuka na kupanda, wajawazito, wagonjwa, majeneza yote ambayo bado hayajachongwa, na mbele ya hayo yote mtu mmoja anangoja kidogo tu.

Ndalahwa akafungua macho. "Niwekeni chini," akamwambia Masalu. "Nitangoja."

Wakamweka. Kichwa chake kikaanguka upande, Masalu akakishika. Watu walikuwa wamejaa juu ya mawe, kimya, kama wanavyokaa wakati jeneza linasubiriwa. Ndipo nikaona jambo: wanawake wenzangu, wale ninaopika nao kwenye misiba, walikuwa wamejifunga kanga kiunoni. Hawakujua wamefanya hivyo. Mikono yao ilishaanza kazi.

Mimi ni mtu wa kutania. Nimetania nikiwa na njaa, nimetania siku jiwe lilipomwangukia. Nilitafuta neno la kusema pale nikalikosa. Nikaenda getini nikagonga.

"Mama Chenge," akasema Mihayo. Jina tu.

Nikagonga tena, kwa ngumi. Nikasikia ndala za Byabato zinakuja uani. Alifungua akiwa na fulana na mswaki mkononi, akanitazama mimi, akatazama kiti.

"Shikamoo, mzee Byabato," nikasema. "Naomba kupita. Nakuomba. Naomba tupite kwako."

Nilisema "kwako". Hakuna aliyeniuliza neno hilo, nililisema mwenyewe, kwa sababu nilitaka geti lifunguke mpaka mwisho.

"Si ungegonga tangu jana," akasema Byabato, na sauti yake haikuwa ya mshindi. Akautupa mswaki, akashika mti wa mbele wa kiti yeye mwenyewe. "Gari langu liko barabarani. Twende."

Tulipopita lile geti, upande wa chini walikuwa wanapanda watu watatu, wa mbele akiwa Mama Teodora. Alikuwa amesikia. Nilijua amesikia kwa jinsi alivyofumba macho kidogo. Akajibandika ukutani kutupisha.

"Mgonjwa kwanza," akasema. Lakini aliyoyasikia alikwisha kuyasikia.

Ndalahwa hakufa. Nawaambia mapema, maana mimi niliambiwa baada ya siku nyingi za kukaa kwenye benchi la hospitali nikitazama mlango. Daktari alisema angechelewa mpaka mchana, wangekuwa wanaongea na mimi habari nyingine. Wabeja, asante, nikamwambia, na nikalia mbele yake kama mtoto, naye akaniazima kiti chake.

Usuluhishi ulimalizika bila mimi. Byabato alisema hajawahi kumnyima mtu, na kweli hajawahi. Mihayo alisema ni njia ya wote tangu zamani. Mama Teodora akamwuliza mbona basi mwanamke wa mlimani alimwomba. Mihayo, walivyonisimulia, alisimama pale amelishika koti lake, angeweza kusema mimi Selina nilichanganyikiwa, angeweza kusema homa, kilio, chochote. Akasema, "Ni kweli, alimwomba." Wakakubaliana geti libaki, kufuli libaki, na mwenye kiwanja afungue kwa anayeomba. Wilayani, akasema yule mama, mnaweza kwenda, lakini mtakwenda na maneno hayo hayo.

Siku tuliyomrudisha Ndalahwa, Byabato alitungoja getini. Akanivuta pembeni, akanipa ufunguo.

"Wa kwako," akasema. "Desemba tunakwenda nyumbani Bukoba, sitaki mzee akwame. Ila Mama Chenge, nakuamini wewe tu. Ukipita, funga. Nikilikuta wazi siku moja nabadilisha kufuli, na hapo tusilaumiane."

Nilimshukuru. Ningefanya nini? Ufunguo ule ulikuwa mpira wa mume wangu, ulikuwa pumzi yake. Nikaufunga kwenye ncha ya kanga. Mlimani hakuna aliyenisema. Walikuja kumpa Ndalahwa pole, wakaleta ndizi na sukari, wakakaa kidogo kuliko kawaida. Mihayo alileta suruali aliyompunguzia kiuno, maana mwili ulikuwa umekwisha. Hakukaa.

Byabato akasafiri na watu wake. Jioni moja, jua halijazama, Masalu alisimama mlangoni kwangu na mwanawe wa kike mgongoni, mtoto anaharisha, macho yameingia ndani. Yule Masalu aliyempandisha na kumshusha mume wangu bila kuomba hata maji. Alisimama nje ya mlango, jambo ambalo hajawahi, huwa anaingia tu anafunua sufuria.

"Mama," akasema, akatazama chini. "Samahani. Kama itawezekana, naomba..."

"Usimalize," nikamwambia. "Masalu, usiniombe mimi."

"Sasa nisemeje?"

Nikatangulia mbio, nikafungua, akapita na mtoto anaelekea barabarani, na nyuma yake nikaona kwamba hakuwa peke yake. Walikuwa wamemfuata kwa mbali, mama wawili watatu wenye ndoo, na mwenye duka la juu na gunia lake, wamesimama kwenye mawe wanatazama geti lililo wazi. Walikuwa wanangoja nifanye ninalofanya.

Nikawapisha wakapita. Waliniambia asante, kila mmoja, kwa heshima, kama anavyoambiwa mwenye mali.

Nilirudi nyumbani na ufunguo mkononi. Ndalahwa alikuwa amekaa kitandani, amesikia nyayo zote.

"Umefunga?" akaniuliza.

"Bado."

"Acha wazi, Selina."

"Wale vibaka wakiingia kwake mara moja tu, anabadilisha kufuli."

"Najua."

"Mpira wako unabadilishwa Jumatatu."

"Najua," akasema. "Nimekwambia acha wazi."

Alinitazama kwa muda mrefu, yule mtu wangu mwembamba, suruali iliyopunguzwa bado imemning'inia. Nilimfunika miguu isiyosikia baridi. Kisha nikatoka, nikashuka mpaka getini, nikamngoja Masalu, wa mwisho wao, mpaka aliporudi na mtoto na dawa. Akapita, hakunitazama. Nikafunga.